Somo: Kulinda Fedha na Vitabu vya Chama Dhidi ya Programu Hasidi



Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kulinganisha kitabu cha fedha cha chama na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi. Somo hili linaanzia pale tulipoishia. Vyama vingi siku hizi havitumi tena mjumbe benki na hundi mkononi. Katibu au mtunza fedha huiona akaunti ya chama katika kompyuta ya ofisi, hutoa agizo la malipo akiwa amekaa kitini, na fedha za mazao huingia katika akaunti ya kila mkulima bila noti kupita njiani. Jambo hili ni la manufaa, wala hatuna sababu ya kulirudisha nyuma. Lakini mwizi naye amebadili njia. Zamani alimvizia mjumbe barabarani. Leo humvizia ndani ya chombo anachofanyia kazi.

Yafaa kikundi cha masomo kisome somo hili kwa sauti, sehemu baada ya sehemu, kisha kijadili maswali yaliyo mwishoni. Baada ya kulimaliza, mwanakikundi aweze:

(a) kueleza programu hasidi ni nini na inamdhuru vipi mteja wa benki;
(b) kutaja milango ambayo programu hiyo hupitia;
(c) kupanga kinga ya fedha na kumbukumbu za chama;
(d) kueleza hatua za kuchukua mara madhara yanapotokea.

1. PROGRAMU HASIDI NI NINI?

Kompyuta na simu janja hufanya kazi kwa kufuata maagizo. Maagizo yaliyopangwa pamoja kwa ajili ya kazi fulani huitwa programu. Ipo programu ya kuandika barua, ipo ya kujumlisha hesabu, ipo ya kuwasiliana na benki. Programu hasidi ni maagizo yaliyotungwa na mtu mwenye nia mbaya, yakaingizwa katika chombo bila mwenye chombo kujua. Chombo hakina akili ya kupambanua agizo jema na agizo baya, hutii yote. Aina mbili za programu hizo zinamhusu hasa mteja wa benki.

Aina ya kwanza ni programu dukizi. Hii hukaa kimya. Katibu anapoandika neno lake la siri, nayo hulinakili na kulipeleka kwa mwizi. Katika simu huweza kutandaza ukurasa wa uongo juu ya ukurasa wa benki, na kusoma ujumbe wenye namba ya uthibitisho kabla mwenye simu hajausoma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Programu moja ya aina hii, iitwayo Zeus, ilianza kutambulikana mwaka 2007. Mwezi Oktoba 2010 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitangaza kwamba kundi moja lililoitumia lilijaribu kuiba dola milioni 220, na lilifanikiwa kuchukua dola milioni 70. Tuangalie ni nani walioibiwa. Walikuwa kampuni ndogo na za kati, mamlaka za miji, makanisa na watu binafsi. Yaani taasisi zinazofanana na chama cha msingi: zina fedha benki, mara nyingi zina karani mmoja anayeshika hesabu, na aghalabu hazina mtaalamu wa kompyuta. Mwizi hakuivunja benki. Alimwandikia mteja barua pepe, mteja akaifungua, na tangu hapo maagizo ya malipo yalitolewa kwa jina la mteja mwenyewe.

Aina ya pili haifichi uwepo wake. Hii ni programu ya kudai kikombozi. Ikishaingia huyageuza mafaili yote, yaani leja, orodha ya wanachama, kumbukumbu za mikutano na picha, kuwa mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo maalumu. Ufunguo huo anao mwizi. Kisha kioo huonyesha tangazo: lipa kiasi fulani kabla ya siku fulani, la sivyo hutaviona tena vitabu vyako.

Ujanja huu si wa jana. Mwishoni mwa mwaka 1989 diski zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta katika nchi mbalimbali, zikidaiwa kuwa na maelezo juu ya ugonjwa wa UKIMWI. Aliyeitumia diski hiyo alikuta baadaye majina ya mafaili yake yamefichwa, na akadaiwa dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Programu iliyoitwa CryptoLocker, ya mwaka 2013, iliwapa watu saa 72 za kulipa. Siku hizi wezi wengi huongeza ubaya mwingine: kabla ya kufunga mafaili huyanakili, kisha hutishia kuwatangazia watu wote majina, namba za akaunti na madeni ya wanachama.

2. WALIOTUTANGULIA KUPATWA

Mwanaushirika hujifunza kwa mambo yaliyowapata wengine. Tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa wenzetu wa ushirika. Coop ni maduka ya ushirika wa walaji nchini Sweden, nchi ambayo pamoja na jirani zake wa Skandinavia ilisaidia elimu ya ushirika katika Tanzania na Kenya tangu miaka ya 1960. Tarehe 3 Julai 2021 karibu maduka 800 ya Coop yalifunga milango. Mikate ilikuwapo rafuni na wafanyakazi walikuwapo, lakini mashine za kupokea malipo zilikataa kufanya kazi. Wezi hawakuishambulia Coop yenyewe. Waliingia katika programu ya kampuni ya Kimarekani iitwayo Kaseya, iliyotumiwa na mafundi wa mbali kuhudumia kompyuta za wateja wao, na mmoja wa mafundi hao alihudumia mashine za Coop. Wezi walidai dola milioni 70 ili kuwafungulia wote waliopatwa. Maduka ya Coop yalichukua siku kadhaa kurudi katika hali yake. Funzo: chama huweza kudhurika kwa mlango wa fundi wake. Kwa hiyo Bodi haina budi kujua ni nani mwenye ufunguo wa kompyuta ya chama, awe ndani ya ofisi au nje.

Mfano wa pili ni wa tarehe 12 Mei 2017. Programu iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikidai dola 300 kwa kila kompyuta. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. WannaCry ilipita katika ufa uliokuwamo ndani ya programu endeshi ya Windows. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imeshatoa rekebisho la kuziba ufa huo mwezi Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliolipokea rekebisho hilo walisalimika. Walioahirisha walilia.

Mfano wa tatu ni wa kampuni ya meli ya Denmark iitwayo Maersk. Tarehe 27 Juni 2017 programu iliyoitwa NotPetya, iliyosambazwa kupitia programu ya hesabu za kodi nchini Ukraine, iliharibu kompyuta za Maersk dunia nzima. Ilidai malipo, lakini ilitungwa kwa namna ambayo hata aliyelipa asingerudishiwa kitu. Nakala za orodha kuu ya mfumo wa Maersk zilikuwa nyingi, katika nchi nyingi, lakini zote ziliunganishwa pamoja, na zote ziliharibika pamoja. Ilisalia moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko na kompyuta hiyo haikuwa mtandaoni saa ile. Kwa nakala hiyo moja Maersk ilianza kujijenga upya. Tuukumbuke mfano huu tutakapofika katika sehemu ya nakala.

3. MILANGO YA KUINGILIA

Programu hasidi haiingii kwa uchawi. Aghalabu mtu humfungulia mwizi mlango. Milango inayofahamika ni hii:

(a) Barua pepe na ujumbe wenye kiungo au kiambatisho. Utakuta imeandikwa "ankara ya mbolea", "taarifa ya benki" au "tangazo la zabuni", nayo inahimiza ufungue upesi. Haraka hiyo ndiyo dalili. Benki haimtumii mteja kiungo cha kuandikia namba yake ya siri, wala haimwulizi namba hiyo kwa simu.

(b) Programu za simu zinazopokewa kutoka kwa rafiki au kwenye makundi ya ujumbe, badala ya kupakuliwa katika duka rasmi la programu. Programu ya tochi au ya mikopo ya haraka ikiomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako wote, jiulize ina haja gani nao.

(c) Flashi. Katibu huandaa makabrasha ya mkutano mkuu, hutia katika flashi, na kuipeleka kwenye duka la stesheneri ili yachapwe. Katika kompyuta ya duka hilo zimeshaingia flashi za watu wengi siku hiyo. Flashi inaporejea ofisini huenda ikawa imebeba mgeni.

(d) Programu zilizonakiliwa kinyume cha sheria. Fundi husema, "Nitakuwekea bure." Mara nyingi kilichowekwa bure kina mwenyewe anayengoja malipo.

(e) Kompyuta na simu zisizopokea masahihisho, kama tulivyoona katika mfano wa pili.

(f) Matumizi ya kuchanganya. Kompyuta inayotoa malipo ya chama mchana, jioni hutumiwa na vijana kutazama filamu na kucheza michezo.

4. KINGA YA FEDHA: SAINI MBILI HAZIJAFUTWA

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Wazee walioanzisha vyama vyetu waliweka kanuni kwamba hundi ya chama isitoke kwa mkono wa mtu mmoja. Hawakufanya hivyo kwa kumdharau katibu. Walijua kwamba mtu mmoja anaweza kukosea, kudanganywa au kutishwa, na kwamba ni vigumu zaidi kuwadanganya wawili kwa wakati mmoja. Kompyuta ilipoingia ofisini, baadhi ya vyama vilimwachia mtu mmoja namba zote za siri, kwa kisingizio kwamba mwenyekiti anakaa mbali au hajui kompyuta. Kwa kufanya hivyo vilifuta saini ya pili bila azimio la mkutano wowote.

Kwa hiyo, chama kiiombe benki yake kuweka utaratibu ufuatao. Mtu wa kwanza aingize agizo la malipo. Mtu wa pili aliidhinishe, kwa neno lake mwenyewe la siri na katika chombo kingine. Kompyuta ya mtunza fedha ikiingiliwa, mwizi ataweza kuandika agizo, lakini agizo hilo litangoja katika simu ya mwenyekiti. Mwenyekiti naye asiidhinishe kwa mazoea. Aitake hati ya malipo, alinganishe jina, namba ya akaunti na kiasi, ndipo aidhinishe. Anayeidhinisha bila kusoma ni sawa na aliyetia saini hundi tupu.

Pamoja na hayo, yazingatiwe mambo haya:

— Chama kiombe benki iweke kikomo cha malipo kwa siku, kinacholingana na shughuli za kawaida, na kikomo hicho kiongezwe tu wakati wa msimu wa malipo ya wakulima.

— Muuza pembejeo akileta ujumbe kwamba amebadili akaunti, asilipwe mpaka apigiwe simu kwa namba iliyomo katika jalada la chama, si ile iliyoandikwa katika ujumbe huo.

— Neno la siri liwe refu, lisiwe jina la chama wala mwaka wa kuandikishwa kwake, na lisitumike kwa kazi nyingine. Mtumishi akiondoka kazini, ruhusa yake benki ifutwe siku hiyo hiyo.

— Katibu au mtunza fedha aitazame akaunti kila siku ya kazi, na chama kijiandikishe kupokea ujumbe wa kila fedha inayoingia na kutoka. Wizi unaogunduliwa asubuhi huenda fedha zake zikazuiwa kabla hazijatolewa; unaogunduliwa mwisho wa mwezi, fedha zake zimekwisha kugawanywa.

— Kompyuta ya benki itumike kwa kazi ya chama tu, iwe na programu ya kuzuia virusi, na ipokee masahihisho yote yanapotolewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. KINGA YA VITABU: NAKALA ILIYO MBALI NA MTANDAO

Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 400 waliokwisha kuleta mazao yao na kupokea malipo ya kwanza. Malipo ya pili yanakaribia. Usiku mmoja leja yote inafungwa na programu ya kudai kikombozi. Fedha ziko benki salama, senti haikupotea. Lakini ni nani ajuaye kila mkulima alileta kilo ngapi, nani anadaiwa mbolea, nani amekwisha kulipa hisa zake? Ugomvi utakaozuka katika mkutano huo huweza kukivunja chama kuliko wizi wenyewe. Ndiyo maana kumbukumbu ni mali, na mali hulindwa.

Kanuni ya nakala ni nyepesi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya ofisi. Ya kwanza ni ile inayofanyiwa kazi. Ya pili huwekwa katika diski ya nje kila jioni wakati wa msimu, na kila wiki wakati mwingine. Ikishanakiliwa, diski hiyo ichomolewe na kufungiwa kabatini. Diski inayoachwa imechomekwa si kinga, kwani programu hasidi huifunga pamoja na kompyuta. Hayo ndiyo yaliyozipata nakala za Maersk zilizokuwa mtandaoni. Ya tatu ipelekwe mahali pengine, kama vile ofisi ya chama kikuu, nayo ifungwe kwa neno la siri, kwa kuwa ina habari za wanachama. Habari hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chama kinawajibika kuzitunza.

Nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ni nakala. Kila miezi mitatu katibu aifungue diski katika kompyuta nyingine, mbele ya mjumbe wa Bodi, waone kama leja inasomeka, kisha waandike katika kitabu cha kumbukumbu kwamba wamefanya hivyo. Hali kadhalika, urari wa hesabu na orodha ya salio la kila mwanachama vichapwe katika karatasi kila mwisho wa mwezi na kutiwa saini.

Hapa mwanachama wa kawaida, hata asiyemiliki simu janja, ana kazi kubwa. Stakabadhi anayopewa mizani ni nakala ya kumbukumbu yake, na hakuna mwizi wa mtandao awezaye kuifunga. Wanachama wote wakitunza stakabadhi zao, leja yote ya msimu imetawanywa katika nyumba 400, nayo yaweza kuandikwa upya. Anayeitupa stakabadhi njiani ameitupa sehemu yake ya kinga ya chama.

6. MADHARA YAKISHATOKEA

Katibu aliyekuta tangazo la kikombozi, au malipo asiyoyafahamu katika akaunti, afanye yafuatayo kwa utaratibu huu:

Kwanza, aikate kompyuta kutoka mtandaoni: achomoe waya, azime na mawasiliano yasiyo ya waya. Asichomeke diski ya nakala katika kompyuta hiyo. Apige picha ya kioo, kisha aiache ilivyo mpaka fundi afike.

Pili, aipigie benki mara moja kwa simu nyingine, kwa namba iliyomo katika mkataba au taarifa ya benki, aombe akaunti izuiwe na maneno ya siri yabadilishwe.

Tatu, amwarifu mwenyekiti, polisi na Afisa Ushirika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayatambua matendo haya kuwa ni jinai. Ujumbe wa kitapeli unaoingia katika simu upelekwe kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Nne, asilipe kikombozi. Anayelipa hana hakika ya kupewa ufunguo, kama NotPetya ilivyoonyesha, na humtangazia mwizi kwamba hapa pana mlipaji. Fedha hizo ni za wanachama, na katibu hana mamlaka ya kumpa mhalifu. Yako matumaini mengine: tangu Julai 2016 polisi wa Ulaya na Uholanzi pamoja na kampuni za usalama wa kompyuta wanaendesha huduma iitwayo No More Ransom, ambako funguo za baadhi ya programu hizi hutolewa bure.

Tano, kompyuta ifutwe na kuwekewa programu upya, ndipo nakala irejeshwe.

Jambo la mwisho ni la kiutu. Katibu aliyebofya kiungo kibaya huona haya, na haya humfanya anyamaze, akitumaini kulirekebisha peke yake usiku. Saa hizo za kunyamaza ndizo anazozitaka mwizi. Basi Bodi itangaze mapema kwamba anayetoa taarifa upesi hatafedheheshwa. Atakayeulizwa ni yule aliyeficha. Chama ambacho katibu wake anaogopa kusema kimempa mwizi muda.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika chama chenu, ni watu wangapi wanaohitajika ili malipo yatoke benki kwa njia ya kompyuta? Je, ni sawa na idadi ya watia saini wa hundi iliyotajwa katika masharti ya chama?
2. Kompyuta ya ofisi ikiharibika usiku huu, mtaweza kujua kesho salio la kila mwanachama? Kwa kutumia nini?
3. Ni nani nje ya ofisi mwenye uwezo wa kuingia katika kompyuta ya chama? Nani alimpa ruhusa hiyo?
4. Tofautisheni programu dukizi na programu ya kudai kikombozi. Ipi ni ngumu zaidi kugundua, na kwa nini?
5. Mtunza fedha anasema hana muda wa kungoja mwenyekiti aidhinishe malipo. Mtamjibu nini?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya somo lijalo, kikundi kiombe ruhusa ya Bodi kishuhudie nakala ya leja ikifunguliwa katika kompyuta nyingine. Andikeni ilichukua muda gani, ni tarehe gani ya mwisho kuingizwa hesabu, na ni salio la wanachama wangapi linalosomeka. Majibu yaletwe kwa Afisa Elimu wa chama kikuu. Somo lijalo litaeleza utunzaji wa hati za malipo na majalada yake.